Waya wa Upande wa Mfenesi

Inspekta Gunarti aliinamisha kichwa kupita chini ya waya wa kuanikia nguo, akaziepuka nepi zilizokuwa zikidondosha maji, akasimama mahali alipofia Marsudi. Nguzo bado ilikuwa imelala pale pale: mabomba matatu ya chuma yaliyoungwa kuwa moja, na kileleni antena yenyewe, imepinda kwa kugonga ukuta wa kichochoro. Nyaya za umeme zilizopita juu ya kichochoro zilikwisha kurekebishwa, na taa za mtaa mzima zilikuwa zinawaka tena.

"Mzee Darsono amekiri?" aliuliza Priyadi, shemeji wa marehemu. Alikuwa amekaa kizingitini anavuta sigara ya karafuu, macho mekundu.

"Amekiri alichoulizwa."

"Basi mnangoja nini? Mnangoja aombe msamaha kwa barua?"

Kwa karatasi zilivyokuwa, kijana alikuwa na haki ya kuuliza.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili asubuhi wanaume wa Karanggeneng walikusanyika kumsaidia Marsudi, fundi wa saa, kusimamisha antena ya redio yake ya mawasiliano. Miaka ile nusu ya vijana wa mji walikuwa na redio hizo, na kila mmoja na jina lake la hewani. Marsudi alijiita Nyenje. Nguzo ilipanda vizuri, ikasimama, watu wakaanza kushangilia. Kisha waya ulioishikilia kwa upande wa mashariki ukaachia, nguzo ikalalia magharibi, ikagusa umeme wa kichochoroni. Wenzake walikuwa wameshika kamba za katani. Marsudi peke yake ndiye aliyekuwa amekumbatia chuma.

Waya ule wa mashariki ulikutwa chini, ncha yake imekatwa kwa chombo. Upande wa mashariki ndiko kwenye ukuta wa Mzee Darsono, mwalimu mstaafu, mgane, mtu wa maneno machache. Na Mzee Darsono aliwahi kuapa mbele ya kadamnasi kwamba antena ya Marsudi ataikata. Jumamosi, siku moja kabla ya msiba, alionekana juu ya ngazi ukutani pake, mundu mkononi. Jumapili watu walipopiga mayowe, mtaa mzima ulitoka mbio isipokuwa yeye. Ya nini tena kutafuta? Gunarti alikwenda kumchukua mchana kweupe, akampakia nyuma ya gari la polisi, watoto wanakimbilia gari, wakubwa wanachungulia madirishani. Mkuu wa kituo alitaka faili lifike kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi, kosa la kuua kwa kukusudia. Mzee mwenyewe alikwisha pita sabini. Akiingia gerezani, angetoka kwa jeneza.

Gunarti alikuwa amerudi kwa jambo dogo. Ule waya alikuwa ameuona kwenye picha tu, hajaushika.

"Tugimin, nipe hiyo ncha."

Konstebo Tugimin, mnene, mpole, mpenda kula, aliuokota waya. "Huu hapa, Mama. Umekatwa. Hata kipofu anaona."

"Kipofu angepapasa kwanza. Papasa."

Tugimin akapapasa. "Umejikunja. Mara moja, mbili... umejizungusha kama ulikuwa umevishwa kitu."

"Na mwisho kabisa?"

"Tepu nyeusi. Hii ya mafundi umeme. Imeviringishwa vizuri."

Gunarti akamgeukia Priyadi. "Kaka yangu, waya huu ulifungwa wapi?"

"Kwenye kigingi, pale chini ya ukuta wa huyo mzee mwovu."

"Mbuzi akifungwa kigingini, mwizi akaja akaikata kamba, fundo linabaki wapi?"

"Linabaki kigingini, si..." Priyadi akaishia hapo, sigara imesimama mdomoni.

"Enhe. Mwizi anaondoka na kamba iliyonyooka. Sasa fundo ndilo hili hapa, liko kwenye waya. Huu haukukatwa ukiwa umefungwa, umechomoka kigingini ukiwa mzima. Na ulipokatwa, ulikatwa zamani, kwa utulivu, na mtu aliyekaa akaviringisha tepu ili ncha isimchome mtoto kidole. Niambie, muuaji gani ana huruma hiyo?"

"Tepu ni ya Marsudi," Priyadi alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anafunga tepu kila kitu. Hata vijiko."

"Kigingi kiko wapi?"

Hakuna aliyejua. Kigingi cha mwanzi, mrefu kama mkono, nani akitafute siku kama ile? Priyadi alitazama ua, akatazama viganja vyake.

"Nilikiokota mimi. Nilikuwa natafuta kitu kikavu cha kuisukuma nguzo imwachie."

"Kilikuwa kimesimama au kimelala?"

"Kimelala. Sikukichomoa. Kilikuwa kimelala tu chini, Mama, ndiyo maana nikakiona."

Chini ya ukuta walilikuta tundu la kigingi. Mdomo wake ulikuwa umechanika kuelekea magharibi, na udongo wa pale ulikuwa tope tupu, kwani maji ya jikoni yalikuwa yakipita hapo hapo. Tugimin alikanyaga karibu akazama mpaka kifundoni, akatoa neno ambalo hatuliandiki.

"Basi ni ajali," alisema akiukung'uta mguu. "Kigingi kimeng'oka chenyewe. Tumtoe mzee wa watu, tukale."

"Ajali?" Priyadi aliruka. "Na huo mundu? Alikuwa juu ya ngazi anafanya nini? Angeweza kushuka upande huu akakilegeza!"

Gunarti akaona hapo ana hoja. Mwendesha mashtaka naye angesema hivyo hivyo.

*

Mama Painem, muuza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, alikuwa na kibanda ng'ambo ya kichochoro. Huyo ndiye shahidi aliyeuona mundu. Aliwakaribisha kwa tempe za moto kabla hawajafungua kinywa, na Tugimin akasamehe tope lote la dunia.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," alisema, mwiko hewani. "Yuko juu ya ngazi, mundu mkononi, kofia kaipindua. Mtu wa umri ule! Nikasema moyoni, lo, mzee leo ana lake."

"Alikuwa anakata nini?"

"Ningeona wapi? Nilimwona kichwa na mundu tu, vinapanda, vinashuka. Ukuta wake ule, hata paka anafikiri mara mbili."

"Hukuchungulia?"

"Mimi! Nichungulie uani kwa Mzee Darsono? Kanifundisha kusoma yule, Mama. Hapa mtaani hakuna anayechungulia kwake. Adabu gani hiyo?"

"Na siku ya kiapo?"

"Hee, hiyo sasa!" Mama Painem akaweka mwiko chini, maana hadithi hiyo ilihitaji mikono yote. "Ilikuwa fainali ya badminton. Mtaa mzima tuko kwa mzee, televisheni yake ndiyo kubwa. Kijana wetu kabakiza pointi moja tu. Moja! Kinyoya kiko hewani, tumeshika roho, mara picha inakatika, inatoka michirizi, na sauti: 'Hapa Nyenje, hapa Nyenje, nani ananipata?' Tukampata, ala! Picha inarudi, watu uwanjani wanalia kwa furaha, sisi hatujui nani kapiga nini. Mzee akatoka mpaka ukutani na miguu mitupu. Akasema, 'Marsudi! Hilo dude lako iko siku nitalikata!' Hatujawahi kumsikia akipaza sauti. Hata darasani hakupaza."

"Marsudi alisema nini?"

"Aseme nini? Alitoka kainama mpaka uso unagusa magoti. Kesho yake kaenda kuomba radhi." Akaishika tena sufuria, sauti imeshuka. "Ule wimbo wake wa 'hapa Nyenje' ulikuwa unaniudhi kweli. Sasa jioni nikisikia kimya, najiona mtu mbaya."

*

Winarsih, mjane wa Marsudi, alikuwa jikoni anamenya vitunguu vya hitima ya jioni. Wanawake wengine waliondoka walipoiona sare. Gunarti alijikalisha juu ya kibao, akachukua kisu, akaanza kumenya naye. Tugimin alibaki mlangoni.

"Mumeo alikuwa na antena ya zamani, sivyo?"

"Ndiyo. Imefungwa hapo kwenye paa, chini chini. Ndiyo iliyokuwa inaingilia televisheni ya mzee." Winarsih aliongea bila kuinua macho. "Aliwauliza wenzake hewani afanyeje. Wakamwambia, iinue, ipite paa za watu, na isogee mbali na nyumba ya mzee, sauti itapita juu. Hiyo nguzo aliitaka kwa ajili hiyo, Mama. Alikuwa anamwogopa mzee, na alikuwa anampenda. Akauza baiskeli akanunua mabomba."

"Kusogea mbali na mzee ndiko kusogea kwenye umeme."

"Mwanzo hakutaka huko. Umeme aliuona, si mjinga. Alitaka katikati ya ua, mbali na umeme, na waya wa mashariki upite juu ya ukuta ufungwe kwenye mfenesi wa mzee. Mti ule haung'oki hata kwa tembo. Lakini mfenesi ni wa mtu. Kwa hiyo siku ile alipokwenda kuomba radhi, akaomba na hilo."

"Akajibiwa nini?"

"Mzee alisema, 'Tutaona, mwanangu. Chai yako inapoa.' Wakazungumza habari za mvua na tumbaku. Alipoaga, mzee akaingia ndani akatoka na fenesi, kubwa, limeiva, akampa abebe."

Mlangoni Tugimin alisonya kwa huzuni. "Basi alikataa."

"Alikataa," Winarsih aliitikia.

Gunarti naye hakulitilia shaka. Huku kwetu mtu mzima hamwambii mgeni hapana ya uso kwa uso. Humwacha anywe chai, hubadili mazungumzo, na wakati wa kuaga humpa kitu cha kubeba ili asitoke mikono mitupu. Mtu aliyeomba mti akapewa tunda, amekwisha jibiwa, na aliyelelewa vizuri harudi kuuliza mara ya pili.

"Marsudi alifanyaje?"

"Alikuwa amekwisha kuchimba shimo katikati ya ua. Akalifukia. Nikapanda mchaichai hapo." Alionyesha kwa kisu. "Akasema, waya wa mashariki sasa lazima uishie ndani ya ua wetu, chini ya ukuta, na ili upate nafasi ya kukaza, nguzo isogee huku kichochoroni. Nikamwambia, baba, huko kuna umeme. Akasema watashika kamba wengi, haitatikisika."

"Na mzee hamkumwita siku ya kusimamisha?"

"Tumwite vipi? Tumwaibishe? Aone tumefanya bila mti wake?" Kisu kikasimama. "Sasa Priyadi anasema mzee aliua. Mimi sijui, Mama. Kuna saa natamani iwe kweli. Angalau ningekuwa na mtu wa kumchukia."

Gunarti aliweka kitunguu bakulini. "Waya wa kwanza ulipimwa ufike mpaka kwenye mfenesi. Kipande kilichozidi kiko wapi?"

Winarsih alitazama nje, kwenye nepi.

"Naanikia nguo."

Haikuchukua muda. Koleo la Marsudi lilikuwa na pengo dogo kwenye meno yake, na kila lilipokata waya liliacha kinundu upande mmoja. Kinundu hicho kilikuwepo kwenye ncha ya waya wa kuanikia nguo, na tepu ilipofunuliwa kikaonekana kwenye ncha ya waya wa mashariki. Marsudi aliukata waya wake mwenyewe. Mchaichai nao ulikuwa umesimama juu ya udongo laini wa duara, upana wa bomba na zaidi kidogo, mbali kabisa na kichochoro. Kama nguzo ingekuwa hapo, popote ambapo ingeanguka ingeangukia mboga.

"Imebaki ngazi," Gunarti alisema. "Twende kwa mzee."

*

Ufunguo wa lango la Mzee Darsono ulikuwa kituoni pamoja na mkanda na miwani yake, na Gunarti alikuwa nao mfukoni. Ua ulikuwa umefagiwa, ingawa majani mapya yalikwisha dondoka. Ngazi bado iliegemea ukuta. Chini yake, matawi ya mfenesi yalikuwa yamepangwa vizuri kwa urefu, makubwa kwa makubwa, madogo kwa madogo, kama mwalimu anavyopanga watoto mstarini.

"Kwa hiyo alikuwa anapogoa mti tu," Tugimin alisema.

"Ameupogoa upande mmoja."

Kweli, mti ulikuwa na uwazi upande wa magharibi, uwazi uliokwenda moja kwa moja kutoka kwenye shina, juu ya ukuta, mpaka uani kwa Marsudi. Pande nyingine hazikuguswa. Gunarti alipanda ngazi. Kwenye shina, juu kidogo ya usawa wa ukuta, palikuwa na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu, umezungushwa shina lote na kushikiliwa kwa misumari midogo. Aliupitisha kidole. Mpira ulikuwa safi, hauna mkwaruzo hata mmoja.

"Ni wa nini huo?" Tugimin aliuliza kutoka chini. Alikuwa bado na kipande cha tempe.

"Waya ukikazwa kwenye mti hula gome. Ukiweka mpira kwanza, haukwaruzi mti, na wenyewe hauteremki."

"Waya gani?"

Kutoka pale juu Gunarti aliuona ua wa Marsudi wote: mchaichai, nepi, nguzo iliyolala. Mtu yeyote aliyesimama kule akainua uso angeliona pengo la matawi na huo mpira mweusi. Lakini nani angeinua uso kuangalia kwa Mzee Darsono? Waliokatazwa jambo hawakodolei macho.

Tugimin aliacha kutafuna. "Mama," alisema. "Mama, usiniambie."

"Funga mdomo wako mpaka nirudi. Sawa? Mdomo ufunge."

*

Chumba cha mahojiano kilinuka karatasi na dawa ya mbu. Mzee Darsono aliletwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, kwa vile mkanda walimnyang'anya. Gunarti alimrudishia mkanda na miwani kabla hajaketi. Mzee alishukuru, akageuka ukutani kujifunga, kisha akakaa.

"Mzee, Jumamosi ulipanda ngazi na mundu."

"Nilisema ndiyo. Uliandika."

"Niliandika. Ulikuwa unakata nini?"

"Matawi."

"Mbona juzi hukusema?"

"Hukuniuliza, Mama. Uliuliza nilipanda, nikasema ndiyo. Uliuliza niliapa kuikata antena, nikasema ndiyo. Niliapa kweli. Aibu yangu."

Gunarti alihisi masikio yanapata moto. Ni kweli hakuuliza. Alikuwa na mshukiwa, na mundu, na kiapo, akaona vinatosha.

"Matawi uliyakata kwa nini?"

"Kijana aliomba kufunga waya wake kwenye mti. Waya hauwezi kupita katikati ya matawi. Nikafungua njia. Nikaweka na mpira, mti usiumie."

"Ulimwambia kwamba umekubali?"

Mzee alimtazama kwa mshangao, kama ameulizwa swali la mtoto. "Mtu mzima akiombwa leo, akajibu leo leo, si ataonekana mwepesi? Na nilikwisha mfokea mbele ya watu. Nilitaka akija na waya wake akute kila kitu tayari. Aone mwenyewe. Maneno yangu yalikuwa yameharibu, nikasema acha mikono itengeneze."

"Akaja?"

"Hakuja. Jumapili asubuhi nikasikia sauti za wanaume uani kwake. Wanavuta, wanahesabu pamoja. Mtaa mzima umeitwa isipokuwa mimi." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Ilinikata maini, sikufichi. Nikajiambia, bado ana kinyongo, basi na afanye na watu wake. Nikaingia ndani nikafungulia televisheni. Nikasikia wanashangilia, nikaongeza sauti. Kisha nikasikia makelele zaidi."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani wanafurahi," alisema Mzee Darsono. "Nikaongeza tena."

Nje, mtu aligonga muhuri mara kadhaa juu ya karatasi, akaacha. Gunarti alilifunga faili, akaliweka kando.

"Mzee, upo huru. Hukukata waya, wala hakuna aliyeukata ukiwa umefungwa. Kigingi kiling'oka topeni. Nitaandika hivyo leo, na mkuu atatia saini, apende asipende. Na mimi nilikupakia nyuma ya gari mbele ya wanafunzi wako bila kuuliza swali moja la maana. Nisamehe."

"Ulikuwa kazini." Mzee hakuinuka. Kuna kitu alikuwa anakipigia hesabu. "Kigingi? Kigingi cha nini? Waya wa mashariki si ulikuwa uje kwangu?"

"Twende nikupeleke nyumbani," Gunarti alisema.

Safari hii alimkalisha mbele.

*

Tugimin hakuweza kufunga mdomo, na nani angemlaumu? Walipofika, lango lilikuwa wazi. Winarsih alikuwa amesimama chini ya mfenesi, mikono bado inanuka vitunguu, anatazama juu. Priyadi alikuwa kando yake. Tugimin alijificha nyuma ya mti akijifanya anaikagua ngazi.

Priyadi alimwona mzee kwanza. Alipiga magoti palepale kwenye majani, akaushika mkono wa mzee akauweka kwenye paji la uso wake. Juzi alitaka kuichoma nyumba hiyo.

"Simama, simama," mzee alisema. "Utachafua saruni." Kisha akamgeukia mjane. "Winarsih, mwanangu. Pole. Nilikuja mazikoni nikarudishwa njiani, ndiyo maana sikukupa pole."

"Nimepoa, Mzee."

"Kuna jambo moja halinikai akilini. Mbona hamkuja kufunga waya? Niliwangoja."

Gunarti alikuwa na jibu. Alikuwa amelitunga garini: kwamba marehemu alibadili mawazo kwa ajili ya wenzake wa redio, kwamba upande wa kichochoroni sauti hupata vizuri, mambo ya mitambo ambayo mzee asingeyahoji. Lingemsitiri mpaka kufa kwake. Akafungua kinywa.

"Tulidhani umekataa," Winarsih alisema.

"Nilikataa lini?"

"Ulimpa fenesi."

Mzee alimtazama. Kisha akautazama mti, na pengo la matawi, na ng'ambo ya ukuta ambako kilele cha nguzo kilipaswa kuonekana na hakikuonekana. Alikuwa mwalimu, haikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Mkono wake ulitafuta shina ukaliegemea.

"Lile lilikuwa la watoto," alisema. "Nawasikia kila siku hapo ukutani, mmoja anasema limeiva, mwingine bado halijaiva. Nikaona nimefurahi, kijana amekuja mwenyewe kuniomba radhi, nikawachumia. Sikuwa na maana nyingine." Akamtazama tena mjane. "Lilikuwa tamu?"

Winarsih alijiziba mdomo kwa mtandio. Alipoweza kusema, alisema ukweli.

"Hatukulila, Mzee. Marsudi alisema litatukaba, la mtu tuliyemuudhi. Liliozea jikoni."

Mzee Darsono akaitika kwa kichwa, mara moja, polepole. Hakulia. Winarsih ndiye aliyelia, na mzee akamwekea mkono begani, wala hakuna aliyejua nani anamfariji nani.

Priyadi, kwa kukosa la kufanya, alipanda ngazi na kuanza kuing'oa misumari ya ule mpira kwa vidole.

"Uache," mzee alimwambia.

"Nautoa tu, Mzee, usiwe unauona."

"Uache hapo hapo."

Priyadi akashuka.